Kichina cha getini: maneno ya kukutoa kwenye foleni hadi kwenye kiti chako

Masomo ya mwanzo ya Kichina hukufundisha kusalimia, kutaja nchi yako na kuhesabu ndugu zako. Kwenye geti la uwanja, makumbusho au maonyesho huko China hakuna anayeuliza habari za ndugu. Mlinzi anatamka silabi mbili, juu ya kichwa chake kuna kibao cha herufi nne, na nyuma yako foleni inasukuma. Msamiati unaohitajika hapo ni mdogo, maneno kama 60 hivi, ila una tabia yake: mengi ni ya kusoma, kiasi ni ya kusikia, na machache kabisa ndiyo ya kusema.

Kwa hiyo usiyaandike yote kwenye orodha moja. Tengeneza orodha tatu: ya macho, ya masikio na ya mdomo. Neno 请勿 (qǐng wù, «tafadhali usi-») utaliona kwenye vibao kila siku, lakini hakuna mlinzi atakayekuambia hivyo kwa mdomo, na wewe hutalitamka kamwe. Kujifunza kulitamka kwa ufasaha ni kupoteza jioni nzima. Kinyume chake, 喝一口 (hē yì kǒu) huwezi kuliona kwenye kibao, ila askari wa ukaguzi anaweza kulisema akiona chupa yako ya maji. Maana yake «piga funda moja», ili ajue si petroli.

Sauti kwanza, hasa pumzi

Herufi b, d, g, zh na j za pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) hazisomwi kama zetu. Tofauti ya b na p katika Kichina ni pumzi: p inatoka na pumzi, b ni p isiyo na pumzi. Mtu wa Mombasa au Lamu anaijua tofauti hii tangu utotoni, kwani hasemi p'aa wa porini kama anavyosema paa la nyumba, wala k'aa wa baharini kama kaa la moto. Wa bara aweke kiganja mbele ya mdomo. Akitamka 票 (piào, tiketi), kiganja kisikie upepo. Upepo usipotoka, msikilizaji atasikia kitu kinachokaribia 表 (biǎo), yaani fomu au saa ya mkononi, na atakutazama tu.

Vivyo hivyo, 证 (zhèng, kitambulisho au beji) huanza na ch kavu, na 场 (chǎng, uwanja) huanza na ch yenye pumzi. Kosa letu la pili ni kumalizia neno kwa irabu, kama tunavyofanya na maneno yote ya kigeni: «changi» badala ya chǎng, «anjieni» badala ya ānjiǎn (ukaguzi wa usalama). Malizia kwenye ng' au n na unyamaze. La tatu ni kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, desturi ya Kiswahili. Kichina hakina mkazo wa namna hiyo. Kila silabi ina toni yake. Toni ya nne inashuka ghafla kama unavyomfukuza kuku, «Toka!». Ya pili inapanda kama «Ee?» ya mtu ambaye hakusikia. Ya tatu iko chini kabisa kooni, ya kwanza iko juu na haitikisiki.

Toni si pambo. 买票 (mǎi piào) ni kununua tiketi, 卖票 (mài piào) ni kuuza. Ukimwambia mlinzi «wǒ mài piào» huku umeshika simu nje ya uwanja, umejitangaza kuwa mlanguzi, ambaye Wachina humwita 黄牛 (huángniú), «ng'ombe wa manjano».

Herufi chache zinazozaa nyingine

Usikariri maneno 60 moja moja. Shika mizizi, mengine yatakuja yenyewe.

口 (kǒu) ni mdomo, na pia ni tundu la kupitia. 入口 (rùkǒu) ni pa kuingilia, 出口 (chūkǒu) pa kutokea. Hapa tazama kwa makini: 入 (ingia) na 人 (rén, mtu) zina mistari miwili ileile. Katika 人, mstari wa kushoto ndio unaoanzia juu na wa kulia unauegemea. Katika 入, wa kulia ndio unaoanzia juu na kukunja kichwa upande wa kushoto. Na 八 (nane) mistari haigusani. Ukiandika 人口 badala ya 入口 kwenye simu na kumwonyesha mtu, umemuuliza habari za idadi ya watu nchini.

场 na 馆 (guǎn) zote ni mahali. 体育场 (tǐyùchǎng) ni uwanja wa wazi, wa mpira na riadha. 体育馆 (tǐyùguǎn) ni ukumbi wa ndani wenye paa. Miji mingi ina vyote viwili ndani ya kituo kimoja cha michezo, na dereva wa teksi atakushusha pale ulipotaja. Tofauti ya herufi moja inaweza kukugharimu nusu saa ya kutembea. Mzizi wa 场 unakupa pia 入场 (rùchǎng, kuingia), 开场 (kāichǎng, kuanza), 散场 (sànchǎng, watu kutawanyika baada ya onyesho), 停车场 (tíngchēchǎng, maegesho) na 机场 (jīchǎng, uwanja wa ndege). Wa 馆 unakupa 博物馆 (bówùguǎn, makumbusho), 展馆 (zhǎnguǎn, jumba la maonyesho), 闭馆 (bìguǎn, pamefungwa) na hata 大使馆 (dàshǐguǎn), ubalozi.

票 inazaa 门票 (ménpiào, kiingilio), 取票 (qǔpiào, kuchukua tiketi), 退票 (tuìpiào, kurudisha tiketi), 检票 (jiǎnpiào, ukaguzi wa tiketi) na 电子票 (diànzǐpiào, tiketi ya simu). Lakini 发票 (fāpiào) si tiketi. Ni risiti rasmi ya kodi, ndugu wa risiti ya EFD kwa Tanzania. Ukisimama kwenye dirisha la 发票 hutaingia popote.

Milangoni utakuta 推 (tuī, sukuma) na 拉 (lā, vuta). Zote zina 扌 upande wa kushoto, ambayo ni alama ya mkono, kwa hiyo jicho la mgeni huziona sawa. Kumbuka hivi: 拉 ni fupi na nyepesi, ni ya kuvuta. Kibao cha kijani 安全出口 (ānquán chūkǒu) ni mlango wa dharura. Usiufuate kama njia ya kawaida ya kutokea.

Lugha ya vibao ni ya kimaandishi: 请勿拍照 (usipige picha), 严禁吸烟 (ni marufuku kabisa kuvuta sigara), 凭票入场 (kuingia ni kwa tiketi), 对号入座 (kaa kwenye namba yako), 闲人免进, ambayo ni «hakuna ruhusa kuingia bila kazi» ya Kichina. Aliyezoea kuongea tu atashangaa kwa nini hapati 不要 (bú yào, «usi-» ya mazungumzo) popote. Tafuta 勿, 禁 na 免进: ukiona mojawapo, jibu ni hapana.

Kununua: jina, pasipoti, tarehe

Karibu kila mahali ni 实名制 (shímíngzhì), mfumo wa jina halisi. Tangu Septemba 2023, maonyesho ya kibiashara yenye watazamaji zaidi ya 5,000 yanatakiwa kuuza na kuingiza watu kwa jina halisi, kitambulisho kimoja tiketi moja kwa kila onyesho. Programu za Damai (大麦) na Maoyan (猫眼) zitakuuliza 证件类型 (zhèngjiàn lèixíng, aina ya kitambulisho). Chagua 护照 (hùzhào, pasipoti), si 身份证 (shēnfènzhèng), ambacho ni kitambulisho cha raia. Kisha 姓 (xìng, jina la ukoo), 名 (míng, majina mengine) na 证件号码 (namba).

Wengi wetu wenye majina matatu hukwama hapa. Usiandike jina unaloitwa nyumbani, wala usipange kwa mpangilio wa cheti cha shule. Fuata mistari miwili ya chini kabisa ya pasipoti, ile yenye alama za <<<: kilicho kabla ya << (ukiacha P< na herufi tatu za nchi) ni 姓, kinachofuata ni 名. Hakikisha pia sifuri na herufi O kwenye namba. Siku yenyewe nenda na 原件 (yuánjiàn, pasipoti halisi). 复印件 (fùyìnjiàn, nakala) au picha kwenye simu mara nyingi haikubaliki.

Makumbusho makubwa yanataka 预约 (yùyuē), kuweka nafasi mapema. Kasri la Kifalme la Beijing (故宫, Gùgōng) hufungua nafasi siku 7 kabla, saa mbili usiku kwa saa za Beijing, na kwenye msimu wa watu wengi zinaisha upesi. Ukiona 约满 (yuēmǎn), zimejaa.

Halafu kuna mitego miwili inayomnasa Mswahili peke yake. Saa: Wachina huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 晚上七点半 (wǎnshang qī diǎn bàn) ni saa moja na nusu usiku, ingawa sikio limesikia «saba». Siku ni mbaya zaidi, maana zao zina namba na zetu pia zina namba, ila hazilingani. 周一 (zhōuyī, siku ya kwanza) ni Jumatatu, 周二 (zhōu'èr) ni Jumanne, na 周三 (zhōusān), ambayo kila mtu huisoma haraka kama Jumatatu, ni Jumatano. Ongeza mbili kwa hizo tatu za mwanzo. 周四 ni Alhamisi, 周五 Ijumaa, 周六 Jumamosi, 周日 Jumapili. Makumbusho mengi huandika 周一闭馆: Jumatatu hawafungui.

Kusoma tiketi

Chukua mfano huu: 3号门 2层 B区 12排 7座. Mlango namba 3, ghorofa ya 2, eneo B, safu ya 12, kiti cha 7. Mpangilio huenda kutoka kikubwa hadi kidogo, na ukishazoea huo hutapotea.

Neno la kuangalia ni 层 (céng), au 楼 (lóu) kwenye lifti. Kwao ghorofa ya 1 ndiyo ya chini, pale unapoingilia kutoka barabarani. 2层 ni ile tunayoiita ghorofa ya kwanza. Ukipanda ngazi kwa hesabu za Kariakoo utatokea juu zaidi.

Kwenye kumbi za maigizo na muziki wa asili, tafuta 单号 (dānhào, namba witiri) na 双号 (shuānghào, namba shufwa). Kumbi nyingi huweka viti 1, 3, 5, 7 upande mmoja wa katikati, na 2, 4, 6, 8 upande wa pili, tena kwa milango tofauti. Kwa hiyo kiti cha 7 na cha 8 vinaweza kuwa mbalimbali, ilhali 7 na 9 vimepakana. Wapenzi wanaonunua namba zinazofuatana wakatenganishwa na nusu ya ukumbi walikosa neno moja tu.

Tamasha la uwanjani hugawanywa 内场 (nèichǎng, viti vya uwanjani chini, mbele ya jukwaa) na 看台 (kàntái, majukwaa ya pembeni). 内场 ni ghali, lakini viti hupangwa juu ya ardhi tambarare. Mtu mfupi aliye safu ya 40 ataona visogo. Majukwaa ya chini ya pembeni mara nyingi yana thamani zaidi kwa pesa.

Getini: maneno ya masikio

Hatua ya kwanza ni 安检 (ānjiǎn), ukaguzi wa usalama. Sikiliza vitenzi: 包 (bāo, begi), 打开 (dǎkāi, fungua), 抬手 (tái shǒu, inua mikono), 转身 (zhuǎnshēn, geuka), 往前走 (wǎng qián zǒu, songa mbele). Foleni huweza kugawanywa 男士 (nánshì, wanaume) na 女士 (nǚshì, wanawake). Kinachokamatwa mara nyingi ni 打火机 (dǎhuǒjī, kiberiti cha gesi), na viwanjani pia chupa za maji na wakati mwingine 充电宝 (chōngdiànbǎo, pawabenki). Begi kubwa lipeleke 存包处 (cúnbāochù, pa kuhifadhia mabegi) kabla ya kupanga foleni. Ukifika mbele ndipo ukarudishwa, unaanza upya.

Hatua ya pili ni mashine. Utaambiwa 扫码 (sǎomǎ, skani msimbo), 刷证 (shuā zhèng, pitisha kitambulisho) au 刷脸 (shuā liǎn, onyesha uso). Mashine nyingi zimetengenezwa kusoma kitambulisho cha raia, na pasipoti haziitambui. Usibaki hapo ukiibandika mara tano. Tafuta 人工通道 (réngōng tōngdào), njia yenye mhudumu. Kama kuna neno moja la kubeba kutoka ukurasa huu wote, ni hilo.

Maneno ya mdomo

Hizi zinatosha, zijue hadi zitoke bila kufikiri:

请问，入口在哪里？ Qǐngwèn, rùkǒu zài nǎli? Samahani, pa kuingilia ni wapi?
有人工通道吗？ Yǒu réngōng tōngdào ma? Kuna njia ya mhudumu?
我用护照买的票。 Wǒ yòng hùzhào mǎi de piào. Tiketi nilinunua kwa pasipoti.
刷不了。 Shuā bu liǎo. Haisomi.
两张票。 Liǎng zhāng piào. Tiketi mbili.
不好意思，这是我的座位。 Bù hǎoyìsi, zhè shì wǒ de zuòwèi. Samahani, hiki ni kiti changu.
出去还能再进来吗？ Chūqu hái néng zài jìnlai ma? Nikitoka naweza kurudi ndani?

Hiyo «liǎng zhāng» ina siri. Kichina hakisemi «mbili tiketi» moja kwa moja. Lazima liingie neno la kupimia. Mzungumzaji wa Kiswahili asishangae, kwani ngeli anazijua: viti viwili, tiketi mbili, miti miwili. 张 (zhāng) ni ya vitu bapa, yaani tiketi, karatasi, meza. 位 (wèi) ni ya watu kwa heshima, 场 ya michezo na maonyesho, na ukikwama tumia 个 (gè). Mbili ya kuhesabia ni 两 (liǎng), si 二 (èr).

Mlinzi au dereva wa makamo mwite 师傅 (shīfu). Neno hilo asili yake ni fundi stadi, na hutumika barabarani kama sisi tunavyomwita mtu «fundi» hata hatujui kazi yake. Kijana mwambie tu 你好 (nǐ hǎo, hujambo).

Namba ndizo zinazoleta ugomvi. 四 (sì, nne) na 十 (shí, kumi) kusini mwa China hutamkwa karibu sawa, kwa kuwa wengi huko hawatofautishi s na sh. Safu ya 14, 40 au 44? Onyesha kwa vidole au andika. Na namba zikitajwa tarakimu moja moja, moja huwa «yāo», si «yī»: mlango 102 utasikika yāo líng èr.

Kwa wanaokwenda maonyesho ya biashara

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki huanzia 广交会 (Guǎngjiāohuì), Maonyesho ya Canton ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, masika na vuli. Kila msimu una awamu tatu za siku tano tano, na kila awamu ina bidhaa zake. Aliyefuata nguo akafika awamu ya kwanza atakuta vifaa vya umeme na mashine. Eneo ni 琶洲 (Pázhōu), na treni ni laini ya 8 ya metro.

Wewe ni 采购商 (cǎigòushāng, mnunuzi). Mwenye banda ni 参展商 (cānzhǎnshāng). Tafuta 办证 (bànzhèng), pa kutengenezea beji, ukiwa na pasipoti, na usijipange foleni ya wenye mabanda. Banda ni 展位 (zhǎnwèi), na anwani yake husomeka hivi: 9.2 E15 ni jumba la 9, ghorofa ya 2, njia E, banda 15. Kadi ya biashara ni 名片 (míngpiàn), sampuli ni 样品 (yàngpǐn). Ukipewa sampuli kubwa, muulize mwenye banda kama inahitaji 放行条 (fàngxíngtiáo), karatasi ya kutolea bidhaa. Usipokuwa nayo huweza kuzuiwa mlangoni.

Wiki mbili za mazoezi

Siku mbili za kwanza ni za pumzi, toni na namba hadi 99, basi. Siku tano zinazofuata, herufi tano za macho kila siku, kwenye kadi zisizo na pinyin upande wa mbele. Ukiiandika pinyin pale jicho halisomi herufi tena, linakimbilia kilicho rahisi. Programu ya Anki inafaa kwa kadi, na Pleco kwa kamusi. Tafuta pia 入口, 安检 na 检票 kwenye picha za mtandaoni uone vibao halisi, kwa sababu mwandiko wa kibao haufanani na wa kitabu. Kuandika kwa kalamu acha; andika pinyin kwenye simu na uchague herufi sahihi, maana ndicho utakachofanya ukiwa huko.

Siku nne ni za masikio: rekodi za maneno ya getini, kasi ya kawaida, ukijibu kwa kitendo. Ukisikia 抬手, inua mikono kweli. Mbili ni za mdomo. Ya mwisho, tembea nyumbani kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ukitaja kila hatua.

Ukiishia Hong Kong au Taiwan, herufi ni za zamani: 场 huwa 場, 馆 huwa 館, 门 huwa 門, 证 huwa 證. 入口 na 出口 hazibadiliki.

Onyesho likiisha utasikia 散场, na watu wote wataelekea metro kwa pamoja. Angalia mapema saa ya 末班车 (mòbānchē), treni ya mwisho, na kumbuka kuibadilisha: 十一点 (shíyī diǎn) ni saa tano usiku.